Ulichokificha Pale Kichuguuni

Baba Achieng,

Salamu zitakuja baadaye. Kwanza nijibu: ulikuwa unafanya nini nyuma ya jikoni, kando ya kile kichuguu, kila asubuhi, miguu umeikunja na macho umeyafumba? Najua jibu ulilonipa ukiwa hai. Kutafakari. Sikuliamini lote wakati ule na hata sasa siliamini lote.

Tangu tukuzike, watu wa hapa Masara hawanipi nafasi ya kulia. Wanakuja kutoa pole, wanakunywa chai, halafu shingo zinageukia nyuma ya jikoni. Unawajua wachimba dhahabu na vichuguu. Wanasema mchwa hupandisha udongo wa chini kabisa, kwa hivyo dhahabu ikiwepo, mchwa ndio wa kwanza kujua. Sasa mtu mzima, mchimbaji, anatoka kitandani anaenda kukaa karibu na kichuguu, haongei, hasogei. Wafikirie nini? Ndugu yako Okoth alinieleza waziwazi, "Shemeji, huyu mtu alikuwa anailinda." Juzi akaja na sururu begani. Nikamwambia airudishe kwake.

Lakini usidhani nilikuwa nakutetea. Shaka yangu ilikuwa kubwa kuliko yake.

Uliporudi kutoka Nairobi, ulikokuwa soja wa lango kwa wale watawa wa Kibudha, nilipekua begi lako lote nikitafuta picha ya mwanamke. Nikapata kamto kadogo kagumu. Nani anaacha kazi ya mshahara akarudi nyumbani na mto? Ukasema ni wa kukalia. Ukanieleza kwamba mtawa mmoja mzee alikukuta ukisinzia langoni, na badala ya kukushtaki akakufundisha kukaa ukiwa macho. Unafuata pumzi ikiingia, unaifuata ikitoka, basi. Akili ikitoroka, unairudisha polepole kama mbuzi aliyeingia shamba la watu, bila kuipiga. Nikakuuliza, na Mungu umemweka wapi? Ukacheka, ukasema Sabato tutaenda kanisani kama kawaida. Na kweli tulienda. Ila mzee wa kanisa alikutazama kwa pembe ya jicho, na akina mama wa maombi wakaniuliza kama usiku unaongea lugha nisiyoijua. Nikawaambia unakoroma tu.

Haki, kutafakari kwa boma hii ilikuwa kazi! Kuku alikupanda mapajani akafikiri amepata kiota. Mama Otieno, jirani yetu, alikuja kuomba chumvi, akakuita, akakuita tena, hukujibu, akapiga nduru mpaka watu wakaacha kazi wakaja mbio. Ukafungua jicho moja ukamwambia, "Chumvi iko kwa rafu, mama." Siku hiyo nilicheka hata nikasahau kukushuku.

Siku nyingine ulirudi ndani umekasirika kuliko ulivyotoka, ukisema kichwa chote kilibaki shimoni kinachimba. Nikakuuliza, sasa faida yake ni nini? Ukaniita binti wa kwetu, ukasema, "Nyar Kasipul, angalau leo nimejua kwamba nimekasirika." Jibu gani hilo, jamani, la kumpa mtu anayekungoja na uji unaopoa?

Halafu kifua. Ule mwaka wa mwisho ulikaa muda mrefu zaidi, hata jioni. Ulikuwa unakonda, lakini ndani ya nyumba hukukohoa sana. Nikikuuliza, unasema ni vumbi, litaisha. Mimi nikaamua ni huko kufumba macho kunakokumaliza. Nikautupa ule mto jalalani. Ukaenda ukauokota, ukaupangusa, ukaukalia. Hata kunigombeza hukunigombeza, na hilo ndilo liliniudhi zaidi. Daktari alipotuonyesha picha ya mapafu yako akauliza kikohozi kilianza lini, ulitazama sakafu. Nikakusubiri ujibu. Mpaka leo nasubiri.

Jana nilichoka na maneno ya watu. Kabla Okoth hajaamka nilichukua jembe nikachimba mwenyewe, palepale ulipokuwa unakaa. Ndiyo, mimi. Kama kuna kitu ulinificha, nilitaka nikione kabla ya ndugu zako. Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Udongo, mizizi, mchwa wenye hasira. Hakuna kitu. Nikaketi juu ya ule udongo, nikakunja miguu kama wewe, nikajaribu. Pumzi ya kwanza niliifuata. Ya pili nikawaza maharagwe yaliyo motoni. Baadaye nikakuwaza wewe, na kikohozi kikanishika.

Naam, hata mimi nakohoa. Unajua nachekecha vumbi lilelile la mawe ya dhahabu. Nilikohoa vibaya, nikamwita Achieng aniletee maji. Nikamwita tena, kwa nguvu. Ukuta wa jikoni naugusa kwa mkono, na mtoto aliye ndani hasikii. Mashine ya kusaga mawe ya ng'ambo ya ua ilikuwa imewashwa, na mngurumo wake wote unamwagikia hapo kichuguuni. Mtu anayetafuta utulivu anakaaje hapo? Kwa boma yote, hapo ndipo mahali pekee ambapo mtu anaweza kukohoa na nyumba isisikie.

Ai, Baba Achieng! Kumbe ni hilo.

Labda ulitafakari pia. Labda ulizifuata pumzi vizuri kuliko mtawa yeyote, kwa sababu ulijua zinaisha. Sitajua, na kutojua kunanila. Uliniambia walikufundisha mtu asiseme uongo. Na kunyamaza je? Ningekupeleka hospitali mgongoni. Ningekaa na wewe hapo, hata kama miguu ingekufa ganzi. Nimelia kwa hasira, halafu nikalia tu.

Okoth amelitazama shimo akauliza kama nina hakika nimefika chini. Nimemwachia jembe.

Basi lala, mume wangu. Kukusamehe bado, lakini lala. Ahadi yangu ni hii: sitakohoa mahali ambapo mtoto wako hanisikii. Nimeanza leo. Nimekohoa mezani, mbele yake, bila kuziba mdomo na bila kusingizia vumbi. Ameweka kikombe chini akaniuliza, "Mama, tangu lini?"

Nimemjibu.

Mama Achieng