Joto la Ozoni ya Mjomba

Jumatatu, 3 Machi
Mjomba karudi kutoka redioni. Tena. Safari hii kawaambia watu kwamba ozoni huko juu inakwisha kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuikokotoa. Hilo ni kweli tupu. Ofisini namwita Mkurugenzi, nyumbani Mjomba — ndiye aliyeniingiza kazini, na mama hanipi nafasi ya kusahau. Kanipa ripoti yake niipitie kabla ya mkutano wa Ijumaa. Niangalie tahajia tu, kasema.

Jumanne, 4 Machi
Tahajia iko sawa. Hesabu ndiyo kituko. Atomu ya oksijeni ikigongana na ozoni, zote mbili zinageuka oksijeni ya kawaida, na ozoni ndiyo imekwenda hivyo. Kasi ya mmenyuko huo inategemea joto. Huko juu ni baridi ya nyuzi hamsini na kitu chini ya sifuri. Mjomba kaweka ishirini na tano. Joto la ofisi yake! Nimekokotoa upya kwa baridi ya huko: kasi inashuka zaidi ya mara kumi. Yaani ozoni yake inakwisha mbio kwa sababu anaishi nayo chumba kimoja. Nimecheka mpaka fundi wa kompyuta akauliza kama mimi ni mzima. Kisha nikaona jina langu kwenye jalada, chini ya lake. Kicheko kikanikauka.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwendea na grafu. Kaitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha za harusi ya jirani — kasema safi, kanirudishia. Hewa ni hewa, kaeleza. Ishirini na tano ndiyo iliyo kwenye jedwali la kitabu. Na redio imeshatangaza. Hii ya mwisho ndiyo pekee aliyoisema akinitazama usoni. Nikamkumbusha kwamba Ijumaa wanakuja wataalamu.
"Mwanangu, sayansi ni kujiamini," akasema.
Kumbe. Na mimi miaka yote hii nahangaika na hesabu.

Alhamisi, 6 Machi
Simu ya mama. Nimeshashtakiwa: nampanda mkubwa kichwani. Mama hajui ozoni ni mnyama gani. Anachojua ni nani alitulea baba alipotutoka. Hapo ananiweza. Ni kweli alitulea. Kugawanya kwenyewe kanifundisha yeye, tena kwa upole.
Nimefuta jina langu kwenye ripoti. Nimelirudisha.

Ijumaa, 7 Machi
Naandikia humu ukumbini. Mama yuko mstari wa mbele, mgeni wa Mjomba, kavaa kama anaoza mwana. Mjomba kaongea vizuri — balaa lenyewe ndilo hilo. Makofi. Kisha mwanamke mmoja wa miwani, mtaalamu wa anga, kauliza swali moja, taratibu: "Umetumia joto la kiasi gani?"
Mjomba anafunua karatasi, anafunua tena. Mara tabasamu limemrudia.
"Hesabu zote ni za mpwa wangu. Atajibu mwenyewe."
Zote. Zangu. Mama kageuka, kanipungia mkono, fahari tupu. Mjomba naye ananitazama — hana ukali hata chembe, ananisihi. Sikujua ana macho hayo. Maikrofoni inapita mkono kwa mkono. Grafu iko mapajani. Nikiendelea kuandika labda wataniruka. Hawaniruki. Jirani ananigusa bega, nimemwambia ngoja kidogo, namalizia sentensi hii, na sentensi hii nikiimaliza itabidi ni—