Matela ya Pélagie

Kwa mukwe wangu Gédéon, Rugenge.

Minye niko na nguvu, mihogo imekubali, na Mutarule nzima hakuna muzee mwenye kuandika sawa minye.

Mama yako alitupa matela, godoro ya kulalia ya binti yangu Pélagie, inje, akiita majirani: "Mukuje muone muke mwenye kukojoa kitanda!" Weye ukaangalia tu. Nikamupeleka ku sentre ya sante, kwa waganga, akakojoa mu mashini yenye kupima namna mukojo inatoka. Kumbe kibofu iko mugonjwa, na dawa iko.

Sasa unataka arudi. Atarudi siku mama yako atabeba matela ile ku kichwa, muchana, mpaka ku mulango yangu. Akikataa, umuulize ni muzee gani alimupa kiti juzi ku sentre, yeye mwenyewe mama yako akingojea mashini ile ile.

Baba-mukwe yako asiyesahau,
André