Gurudumu la Katarina

Shanta, dada yangu,

Mume wako amefika. Naanza na hili kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiliomba tangu ninyi Wahindi mfukuzwe Kampala, pasi yako ya Uingereza ikakuleta London, na yake ya Uganda ikamtupa kwenye kambi ya wakimbizi nchi nyingine. Amefika, na majivu ya mwili wako yapo juu ya kabati langu. Nina hasira, Shanta. Sijui nimkasirikie nani.

Aliniuliza ulikuwa ukisali wapi. Nikampeleka makumbusho, kwa ile sanamu ya mti ya mwanamke uliyemwita Devi, mungu wenu wa kike. Unakumbuka? Tuliingia kukwepa baridi tu, maana hapana kiingilio na pana joto. Ukamwona: upanga mkono mmoja, gurudumu mkono wa pili, na kijifalme chini ya mguu wake. Ukavua viatu papo hapo, mlinzi katukodolea macho. Tangu hapo kila wiki ulirudi na ua la manjano umelificha kwenye koti.

Mimi Mkatoliki wa Kisumu ningenyamazaje? Nikakwambia huyo ni Mtakatifu Katarina, na hizo si silaha zake. Gurudumu lilitengenezwa limvunje mifupa. Liliposhindwa, upanga ukamkata kichwa. Wachongaji wa zamani walizoea hivyo: mtakatifu hushikishwa kilichomtesa, uso umetulia, ili hata asiyejua kusoma amtambue. Niliogopa utavunjika moyo. Wewe ukacheka, ukaniuliza kwa Kiswahili chako cha dukani: "Lakini sasa gurudumu iko mkono ya nani?"

Hayo nilimsimulia mumeo. Alimtazama Katarina muda mrefu, kisha akaniuliza kilichokuua. Nikamwambia: ile hita ya mafuta ya taa chumbani mwako. Dirisha ulikuwa umeliziba kwa magazeti, baridi isiingie. Hewa ikaharibika, ukalala, basi.

Mwenye nyumba alikuwa ameitupa hita hiyo uani. Mumeo akaenda kuichukua. Nilidhani anataka kuivunja, na ningemsaidia kwa mikono miwili. Yeye akaipakata kwenye basi mpaka alikofikia, Kingsbury, masizi yakimchafua suti yake pekee. Ameiweka chini ya picha yako, akaipaka tone la unga mwekundu mnaopaka sanamu za miungu yenu. Nililia mbele yake bila haya.

Lala, dada. Ua la manjano nitalipeleka mimi kila wiki. Na viatu nitavua, mlinzi akitaka anifukuze.

Wako,
Akinyi