Hatua Tatu za Katindiuka

Baarle, Uholanzi (au Ubelgiji, utaona mwenyewe)

Kaka yangu Bonifasi,

Shikamoo. Ipokee hata kama huitaki, maana ni shikamoo ya miaka minne. Tangu siku ile ya baraza sijakuamkia. Wifi yangu na watoto hawajambo? Mvua zimeanza huko Chita? Na mguu wako uliochomwa na kisiki umepona? Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa. Simu zangu hupokei, na haki unayo, ndiyo maana barua hii nimempa mwenzangu anayerudi likizo, aje nayo kwa treni akukabidhi mkononi.

Unajua nilikuja huku kutunza wazee. Mji niliopangiwa, kaka, ni kituko. Uko Uholanzi, lakini ndani yake kuna vipande vya Ubelgiji vimetapakaa, vingine nyumba chache tu, kingine shamba tupu. Na ndani ya baadhi ya vipande hivyo kuna vipande vya Uholanzi tena! Eti mabwana wa kale waligawana mashamba, huyu hiki, yule kile, na mpaka leo hawajabadilishana. Mji mmoja, mameya wawili, polisi wa aina mbili. Wananiambia wakati wa korona kuna duka liliwekewa utepe katikati: upande huu nunua, upande ule marufuku, nchi yake imefunga.

Mpaka wenyewe umechorwa chini kwa misalaba myeupe. Sasa siku ya kwanza naenda kwa bibi ninayemhudumia, nakuta misalaba imejipanga njiani hadi mlangoni pake. Nikajua makaburi! Watu gani hawa wanazika mbele ya mlango? Nikapiga ishara ya msalaba, nikazunguka nyumba nzima kwenye tope la bustani nikitafuta mlango wa nyuma. Bibi alikuwa dirishani ananitazama, anacheka mpaka machozi. Wewe pia ungecheka. Zamani ulikuwa unanicheka sana.

Nyumba yake mpaka umeipasua. Jiko liko Uholanzi, kitanda kiko Ubelgiji. Nchi ya nyumba inajulikana kwa pale ulipo mlango wa mbele. Akanisimulia kwamba zamani wapimaji walikuja na karatasi zao, wakagundua mlango wake uko upande wa pili, kwa hiyo bibi wa watu, Mbelgiji tangu kuzaliwa, amegeuka Mholanzi uzeeni.

Nikamuuliza, "Ukawashtaki?"

"Ya nini? Nilimwita fundi. Palipokuwa na dirisha akaweka mlango, palipokuwa na mlango akaweka dirisha. Wapimaji nikawapa kahawa, yakaisha."

Nikajigamba, mdomo wangu unaujua. "Kwetu hatufanyi hivyo, bibi. Mimi mpaka wangu niliushinda barazani."

Akaweka kikombe chini. "Ulishindana na nani?"

"Kaka yangu."

"Sasa hivi anaishi wapi?"

Nikamwambia umehamia Chita, unalima shamba la kukodi. Alichukua kikombe chake akaendelea kunywa. Mimi nikaenda chooni nikalia, hata sikujua nalia nikiwa nchi gani.

Basi nakwambia leo kwa maandishi, usije ukadhani umesikia vibaya. Mwaka ule mto ulipofura ukasawazisha majaruba yote ya mpunga kule kwetu Katindiuka, tuta la mpaka aliloacha marehemu baba likaenda na maji. Wewe ulikuwa hospitali unamuuguza mama. Desturi ni wenye mpaka kwenda pamoja kulipandisha upya. Mimi sikukungoja. Nilikwenda na vibarua, nikahesabu hatua tatu kuingia kwako, nikawaambia, "Pandisheni hapa." Nilitamani ule upande wako unaotunza maji hata mvua ikikatika. Tamaa tu, sina neno zuri zaidi. Uliporudi ukalalamika, mimi ndiye niliyekimbilia baraza la kata, nikashika Biblia nikaapa. Na mchele wa hatua tatu zile sijaula hata sahani moja. Shamba wanalima watu, mimi nakula viazi vya huku.

Lakini linaloninyima usingizi si hilo peke yake. Siku baba anaweka mpaka, tulikuwa naye wawili tu, wewe na mimi. Alifukia mkaa chini ya tuta, akasema maji huondoa udongo, mkaa hauozi. Mkaa ule sikuuchimbua, sikuthubutu. Barazani nilikaa nasubiri useme neno moja tu: chimbeni. Hukusema. Ulinitazama, ukachukua kofia yako, ukatoka. Miaka yote nimejidanganya kwamba ulisahau. Hukusahau! Ungesema, ningeumbuka mbele ya kata nzima kuwa nimeapa uongo, ukaona afadhali wewe uonekane mwongo. Mama ananiambia hadi leo wanao wakija Ifakara wanaitwa watoto wa yule aliyetaka kumdhulumu dada yake. Najuta, kaka. Najuta mno.

Nimemwandikia pia mwenyekiti wa baraza, nikaeleza mkaa uko wapi na nani aliyeapa uongo. Nimeomba wachimbe mbele ya watu na barua yangu isomwe kwa sauti. Watakuita. Nakujua ulivyo, utataka kusema yaishe, mdogo wangu yuko mbali, mwacheni.

Nisalimie mama, mwambie nimeacha kumficha. Nisalimie wifi yangu Yoventa, aliyefunga vyombo vyake siku mnahama bila kunitupia hata neno. Na Masanja, jirani yetu Msukuma, aliyewabebea mizigo kwa mkokoteni wake wa ng'ombe hadi stesheni, wakati mimi ndugu wa damu nimejifungia ndani.

Wakikuita, nenda. Safari hii usinistiri.

Mdogo wako,
Skola