Baba, Ami Hilal Amesimama Kwenye Theluji

Baba,

Shikamoo. Kuitikia huwezi, najua, lakini ni wewe uliyenifunza kwamba mkubwa huamkiwa hata akiwa amelala.

Nakuandikia kutoka Ibra, kwenye meza yako, na nina furaha ambayo Mama ameniambia niionee haya. Siioni haya hata kidogo. Ami Hilal, kaka yako wa baba mmoja, yule aliyekucheka mbele ya wanaume wa mtaa mpaka ukaacha kutia mguu kwenye sabla, baraza lao la mikutano, Ijumaa iliyopita amesimama kwenye theluji. Theluji ya kweli, Baba! Kanzu ndani, koti la kuazima juu, makamasi yanamchuruzika kwenye ndevu, na aliyemsimamisha ni mimi. Nimeanza na utamu kwa sababu ningepasuka kabla sijafika mwisho wa barua.

Ngoja nikueleze vizuri, maana mengi yamekupita.

Miaka michache baada ya kukuzika, wamejenga Dubai jumba la theluji. Nje jua linachoma mpaka viatu vinanata, ukiingia ndani mvuke unakutoka mdomoni na mlima mweupe uko mbele yako, umefunikwa paa. Mara ya kwanza nilipouona nililia, watu wakadhani nimeumia. Wewe ulitusimulia theluji ya Ujerumani ya Mashariki, ulikosomea uhandisi wa maji, na sisi tulikuitikia tu kwa adabu. Nilisimama pale nikawa nakutafuta pembeni yangu.

Mle ndani wana timu ya watoto ya mbio za kuteleza. Kocha wao, Mzungu mmoja wa kutoka milimani, aliniona nikishuka akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia, mchangani, kwa baba yangu. Alicheka, kisha akaona sicheki, akaniomba nimwoneshe tena. Sasa mimi ndiye ninayemkusanyia watoto wa huku kwetu. Wiki nzima nafundisha michezo skuli ya wasichana, Alkhamisi baada ya adhuhuri najaza gari, napitia Izki na Nizwa kuchukua wengine, na usiku tunalala Dubai kwa shemeji yake Mama.

Wazazi wananijia, Baba, wengine hawajui hata hiyo theluji inaliwa au inanywewa. Nawaambia uliyoniambia wewe. Mtoto ajue kuanguka kwanza, kwenda atajua baadaye. Kiatu kibane mguu, kisiwe na nafasi ya kidole kucheza. Ukimvika soksi mbili kwa huruma umemkomoa. Halua asile asubuhi ya mbio. Msichana avae suruali nene na shungi dogo chini ya kofia ngumu, hakuna atakayeona nywele zake wala atakayekuwa na muda wa kuzitafuta. Mama asimpigie mtoto kelele kutoka pembeni. Na la mwisho, ambalo ni la kocha, halina msamaha: kila familia itoe mtu mzima mmoja asimamie mlango. Milango yenyewe ni miti miwili ya bendera, mtoto anapita katikati yake akishuka. Msimamizi kazi yake ni kukodoa macho, na mtoto akiukosa mlango ainue mkono, hata kama mtoto ni wake.

Hilo la mlango ulishike kichwani, maana ndilo lililompata Ami yangu.

Unaikumbuka timu yako? Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Mbao zako mbili za kuteleza ulizozileta kutoka Ujerumani zilikuwa juu ya mlango wa sebule, na sisi ulituchongea zetu kwa mbao za kabati bovu la jikoni. Ukitutoa kitandani baada ya alfajiri, kabla mchanga wa Bidiya haujashika moto. Ukizisugua mbao kwa mshumaa, ukichomeka vijiti na vipande vya vilemba vyako vibovu, ukituangusha kwa makusudi ili tuzoee. Mimi nilikuwa nawapita wavulana wote. Siku ile niliyoshuka kilima kikubwa bila kuanguka ulisema, "Huyu mtoto ana magoti ya Mjerumani," nami nikatembea na neno hilo mwezi mzima.

Halafu wazee wakaanza kuwazuia watoto wao. Ukaenda sabla kwa Ami Hilal kuomba jambo moja tu: aseme neno, waachiwe waje. Neno lake ndilo lililokuwa likisikilizwa mtaani.

Nani alikufunza desturi yao, Baba? Hakuna. Huku mwenye shida akimiminiwa kahawa huiweka chini, haigusi mpaka mwenyeji amuulize ana nini na amkubalie. Akiinywa amesharidhika, hana dai. Wewe mtoto wa Malindi, Unguja, huku ulikuja ukubwani. Kwetu ukipewa kahawa ukaiacha ikapoa umemtukana mwenye nyumba. Basi ukanywa, ukarudisha kikombe, ukashukuru, ndipo ukaanza kueleza shida yako.

Ulirudi ukamsimulia Mama kwa sauti ya chini, nami nilikuwa nyuma ya pazia. Ami alikujibu, "Umeshakunywa, yaa Salum. Khalas. Kilichobaki ni udi, ufukizwe uende zako." Sabla nzima ikacheka. Na bado hakukuacha. Akaongeza kwamba binti yako umfunze kupika, si kurusha miguu juu mbele ya wanaume.

Alijua, Baba. Alikaa Unguja miaka, akifanya biashara Darajani, akinywa kahawa za watu barazani. Alijua kwamba hujui, akakuacha unywe.

Timu ikafa. Mbao zetu za kabati zikawa kuni. Wewe ukawa Ijumaa unakaa ndani unasoma, na mimi nikajifunza kupika. Napika vibaya mpaka leo, na nafanya hivyo kwa kusudi.

Kisha ukafariki. Katika zile siku tatu za rambirambi, nyumba imejaa watu, nikainua macho nikaona ukuta mtupu juu ya mlango. Nilikuja kuziona mbao zako kwa Ami Hilal. Amezipigilia misumari, zimekuwa komeo la zizi la mbuzi. Nilimfuata nikazidai. Akaniita binti wa ndugu yake, kwa Kiarabu chao: "Bint akhuy, angalau sasa zina kazi."

Mama alisema nimwachie Mungu. Nikamwachia Mungu, lakini nikawa namkumbusha kila swala.

Na Mungu akampa mjukuu.

Anaitwa Rahma, ana miaka tisa, binti wa mwanawe wa mwisho ambaye yuko jangwani kwenye kambi za mafuta. Mtoto huyu ni roho ya babu yake. Alisikia habari za theluji skuli, akamgandia kama kupe: hali, halali, anataka timu. Mama yake akamleta kwangu kwanza, kwa siri, tukaenda mchangani. Baba, ungemwona! Anaanguka vizuri, anajikunja kama paka, anainuka anacheka. Nilimkubali papo hapo. Nikamwambia mama yake afunge mdomo, amwambie tu mzee kwamba nafasi kwenye gari ni chache na mwenye kauli ni mimi.

Akaja. Amevaa kilemba kizuri, amepiga udi, na wazee wawili wa mtaa nyuma yake, kama desturi yao inavyotaka mtu mwenye shida kubwa. Wale wale wawili waliokuwapo siku ile, waliocheka. Mama akajitanda kanga yake akakaa kando. Mimi nikaleta tende, nikamimina kahawa.

Akaiweka chini.

Nikaiona. Mama naye akaiona, akaniangalia kwa jicho la kunisihi. Mimi nikauliza mbuzi hawajambo. Nikauliza habari za mvua, habari za mfereji wa falaji, habari za barabara ya Al Kamil inayochimbwa. Wale wazee wawili nao vikombe vyao viko chini, wanatazamana. Kahawa ikaacha kutoa mvuke. Sikumuuliza ana shida gani. Alikuwa anasubiri swali hilo kama mwenye kiu, nami nikamwongezea tende.

Mwishowe ikabidi aseme mwenyewe, jambo ambalo kwao ni kuvuliwa nguo. "Bint akhuy, nimekuja kwa ajili ya mtoto."

Nikamwambia, "Ami, baba yangu alikuja kwako kwa ajili ya watoto. Waeleze wazee hawa alikuja kuomba nini, na wewe ulimjibu nini."

Akakusanya kanzu yake. Nilidhani atainuka aondoke, na nilikuwa tayari, wallahi, maana mtoto ni wangu tayari hata akiondoka. Yeye hakulijua hilo. Akasema, akitazama mkeka: "Salum alitaka watoto wacheze. Mimi nikamdhalilisha." Mzee mmoja akakohoa. Nikasema nataka na mbao za baba yangu, leo, kabla ya magharibi. Akaitikia kwa kichwa. Nikasema kuna na mlango wa kusimamia. Hapo akapata uhai kidogo, akasema atamtuma dereva.

"Dereva si familia, Ami."

Ndipo nikamwambia anywe. Akainywa ile ile, baridi, mpaka chini. Sikumbadilishia.

Mama hakusema nami siku mbili. Alipofungua mdomo alisema, "Umemvunja mzee wa watu." Nikamwambia mchimba kisima huingia mwenyewe. Akasema na mimi nakichimba changu. Huenda. Lakini usiku ule nililala usingizi sijaulala tangu ulipokufa.

Sasa Ijumaa yenyewe. Nilimpa mlango ulio chini kabisa ya mashine ya kupulizia baridi, pale ambapo hata kocha hapendi kusimama. Alisimama. Meno yakamgongana, akaingiza mikono kwapani, wazazi wenzake wa Nizwa wakamwonea huruma wakamletea chai, nikawaambia msimamizi haruhusiwi kuacha mlango. Kanuni hiyo niliitunga pale pale.

Rahma akashuka. Alikuwa anakuja vizuri, magoti yamekunjwa, wa kwanza kati ya wadogo. Akaufikia mlango wa babu yake, nadhani alimtazama, akateleza nje ya mti. Mwendo wa nusu mkono tu. Kocha alikuwa juu, hakuona. Wazazi hawakuona. Walioona ni wawili: mimi niliyekuwa chini, na yeye.

Akanitazama. Baba, nisikufiche. Nilimwomba Mungu asiinue mkono. Nilitaka adanganye kwa ajili ya damu yake, mbele yangu, ili nimshike na uongo huo nimzike nao. Nilikuwa nimeshayapanga maneno mdomoni.

Akainua mkono.

Mtoto akatolewa kwenye mbio. Alilia kidogo, kisha akamwendea babu yake akamshika kidole, akasema, "Babu kasema kweli, nimeukosa." Na yule mzee akalia, mbele za watu, machozi na makamasi pamoja. Mimi nikabaki na maneno yangu mdomoni, machungu, sina pa kuyatema.

Hasira yangu haikuisha, usije ukadhani. Imekosa tu mahali pa kukaa, inazunguka nyumbani kama mgeni asiyeaga. Mama anasema huo ndio mwanzo wa kusamehe. Mimi nasema aliyemwona babu akilia ni mjukuu wake. Wewe nani alikuona? Ulilia chumbani, umeufunga mlango, nami nilikusikia.

Basi nikuage, Baba, gari linanisubiri, ni Alkhamisi. Rahma nitamfunza yote uliyonifunza, hilo ni deni la mapenzi na nitalilipa kwa furaha. Ami Hilal amenitumia salamu kwamba anakuja tena wiki hii na mlango ule ule anautaka. Nitampa. Koti safari hii nimemtafutia zito.

Mbao zako ziko juu ya mlango wa sebule, pale pale. Nimezifuta mavi ya mbuzi, nimezisugua kwa mshumaa. Matundu ya misumari sikuyaziba, na nakuahidi sitayaziba. Akija kunywa kahawa nitammiminia ya moto, na nitamkalisha mahali atakapoyaona.

Lala salama, Baba.

Binti yako mwenye magoti ya Mjerumani,
Salha