Wewe Uliyekaa Nyuma Yangu

Shemeki,

Dada yangu Furaha anakusalimu. Nilipomwambia nakuandikia, alirudi kutwanga sombe yake ya majani ya muhogo. Watoto wenu wanakula, ila yule mdogo bado anakimbilia mlango kila akisikia baiskeli.

Mimi bado nabeba makala kwa baiskeli, makaa ya watu kupikia. Sake siendi tena, vita imefunga njia. Nachukua magunia Ndosho napeleka sokoni Murara. Njia ni fupi na bado naiogopa kuliko ile ndefu. Madereva hawajapata adabu tangu uondoke. Juzi dereva wa gari la jipu alinibana mpaka gurudumu likapanda mawe ya volkeno kando ya barabara, halafu akashusha kioo: "Weye mukimbizi, rudi kwenu." Wewe ungevua kofia, ungemwambia "Asante, shefu," na tungecheka hadi sokoni. Mimi nilirudisha gurudumu barabarani. Kucheka peke yangu nimeshindwa.

Nakosa sauti yako. Mwenye mzigo hawezi kugeuza shingo. Ukigeuka, gunia linakuvuta na uko chini. Ndiyo maana sisi wa makala tunakwenda wawili: wa mbele anaangalia mashimo, wa nyuma anasikiliza magari. Ulikuwa unaniitia, "mwepesi" kwa pikipiki, "muzito" kwa lori, nami najibu kwa kengele, mara moja, kwamba nimesikia. Kila asubuhi nilitaka tubadilishane, ukakataa kwa ukubwa wako. "Miye njo mukubwa," ulisema, "nilioa dada yako. Enda mbele." Gari humfikia wa nyuma kwanza. Ulilijua hilo na hukulisema hata siku moja.

Siku ile watu walipokimbia Sake, magodoro vichwani, malori hayakuwa yakimpisha mtu. Nilikusikia: "Muzito! Panda mawe!" Nikapanda bila kugeuka. Nikapiga kengele, kama kawaida yetu. Ni kimya chako ndicho kilichonigeuza.

Nakulilia, shemeki. Na kidogo nakukasirikia: uliniita nipande, wewe hukupanda.

Baada ya mambo ya yule dereva wa jipu, Furaha aliniomba niache barabara. "Sina tena mutu wa kuzika," alisema. Sikujua tutakula nini, lakini nilimkubalia. Leo ilikuwa iwe safari yangu ya mwisho.

Nilipokuwa natoka Ndosho, mbele yangu kulikuwa na mwanaume nisiyemjua, magunia mawili kwenye baiskeli, peke yake, shingo imekaza. Nikasikia lori nyuma yetu. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe: "Muzito! Panda mawe!" Akapanda, nami nikapanda. Lori lilipita na honi yake na matusi yake. Kisha yule mtu, bila kugeuka, akapiga kengele mara moja.

Nililia pale pale, mchana kweupe, mikono imeshika baiskeli hata machozi sikuweza kufuta. Alinisubiri. Ametoka Masisi, na yeye alikuwa na mwenzake wa nyuma, sasa hana.

Kesho asubuhi tutakwenda pamoja. Furaha nitamwambia mwenyewe. Atanuna, halafu atanipakulia. Yule mtu aliuliza nani atakaa nyuma, nikamwambia miye njo mukubwa, ingawa nadhani ananizidi umri.

Pumzika sasa, shemeki, umepiga kelele za kutosha. Nakuahidi kitu kimoja: kila nikimwitia, na mimi nitapanda mawe.

Mdogo wako wa mbele