Kuku wa Baba Yenu

Nasimiyu mwanangu,

Bwana asifiwe. Nilifika Kitale salama, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwa mifupa. Leo ndugu yako Wafula, siku hizi ni pasta, amehubiri mwana mpotevu. Amelia, watu wakalia, hata mimi nikatoa kitambaa. Nikasema kwa moyo, sasa atakuja Bungoma amwone baba yenu kabla ugonjwa haujammaliza.

Tukarudi kwake, nikapika ile kuku baba yenu alimtumia. Wafula akakemea mapepo juu yake mpaka ugali ukapoa, ati imetoka kwa nyumba haijaokoka. Halafu akaila yote, hata firigisi. Nikamwambia, "Baba anakuita akubariki." Akapangusa mdomo. "Mama, mzee atubu kwanza. Aache hilo kanisa lenu la ngoma."

Mimi sikusoma sana, lakini yule baba wa kwa Biblia aliuliza nani atatubu kwanza? Si alikimbia tu akamkumbatia?

Barua hii nampa dereva wa matatu ikufikie leo jioni; mimi narudi kesho. Mpe baba uji, umfunike miguu. Mungu akushike mkono, mwanangu. Akiuliza, mwambie Wafula anakuja mvua ikipungua. Huo uongo nitautubu mimi,

mama yako.